Salamu ya Telesphor

Mume wangu Telesphor alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, na ubishi wake haukuzikwa naye.

Tulikuwa na steshenari yetu Majengo: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti mitihani. Kompyuta ilikuwa moja tu. Mafundi wa hapa Mpanda tuliowajua walikuwa wanapiga Windows ya kunakili, na hakuna aliyeona haya. Telesphor alikataa. Alikuwa katekista. "Asubuhi nifundishe watoto amri ya saba, usiibe, halafu mchana nichapie barua kitu cha wizi?" Akaweka Linux badala ya Windows, ya bure na ya halali, akajisifu nayo kama mtu aliyenunua ng'ombe. Kisha akarekodi sauti yake, ili kompyuta kila ikiwaka itusalimu: "Tumsifu Yesu Kristo!"

Nami nikiwa na ufagio wangu najibu, "Milele amina."

Homa ikamchukua ghafla. Tulipoanua matanga nilifungua duka, nikawasha kompyuta, na mume wangu akanisalimu. Nililia mpaka nikakaa chini. Lakini nilijibu, maana salamu hiyo haiachwi hewani. Tukawa hivyo kila asubuhi, mimi na yeye.

Tatizo likawa umeme. Ukikatika na kurudi, ile mashine hujiwasha yenyewe. Jumapili moja duka likiwa limefungwa, mama Kashinje, anayeuza mchele mlango wa pili, akasikia kupitia ukutani, "Tumsifu Yesu Kristo!" Akaitikia vizuri kabisa, ndipo akakumbuka kwamba udongo wa kaburi la Telesphor aliutupa kwa mkono wake mwenyewe. Aliacha mchele kwenye mizani akakimbia. Hadi jioni habari ilikuwa imefika Sitalike.

Wateja wakaanza kunikwepa. Waliobaki nao walikuwa na lao. Mwalimu Mabula alileta mtihani kwenye flashi. Tulipoufungua, majedwali yakahama na swali la tano likakimbilia ukurasa mwingine.

"Dada Emerensiana, kompyuta yako si mbaya," akasema. "Ila shule nzima tunatumia Windows. Nitabishana na shule nzima mimi?"

Akachomoa flashi, akavuka barabara kwa jirani.

Telesphor angebishana naye. Barua inachapwa, mtandaoni unaingia, virusi havikusumbui, unataka nini tena? Kweli tupu. Lakini kweli hiyo haikumrudisha Mabula, na duka lile ndilo lililokuwa likimsomesha binti yetu Evaline.

Nikamwita fundi Danford.

"Piga hiyo Windows yenu. Ila sauti ya baba Evaline unitunzie. Umesikia? Vingine hata vikipotea, potelea mbali."

"Usiwe na wasi, mama. Natunza kila kitu."

Alipomaliza akanionyesha: barua, kadi za harusi, mitihani, hata ratiba ya mazishi ya Telesphor mwenyewe.

"Na sauti?"

Akajikuna kichwa. Alikuwa ametunza vile wanavyotunza mafundi siku zote, maandishi na picha. Sauti ile Telesphor aliiweka ndani kabisa, kwenye Linux yenyewe.

"Imeondoka nayo, mama. Hairudi."

Nilitaka kumtukana.

Sasa Mabula amerudi, na majedwali yake yanakaa yalipo. Evaline anasoma. Nikiwasha kompyuta asubuhi ni kimya, feni tu inazunguka, nami nangoja. Kisha kwenye kona ya chini ya kioo yanatokea maandishi hafifu, kwamba Windows hii haijahalalishwa. Danford alipoyaona akavuta kiti ayafute.

"Yaache," nikamwambia. "Huyo ni mume wangu."

Alinitazama kama nimerukwa na akili, akachukua mkoba wake akaenda zake. Nami kila asubuhi nasimama na ufagio mkononi, nayasoma mpaka mwisho, najibu, "Milele amina."