Macho ya Sebahire

Kazi ya kwanza ya darasa la uchoraji ilikuwa yai. Akaliza alitoa karatasi tupu, chini yake ameandika kwa mwandiko wa heshima: "Yai jeupe juu ya meza nyeupe." Mwalimu Ndahiro akampa sifuri, kubwa, yenye umbo zuri kabisa la yai. Kazi ya pili ilikuwa mkono. Akaliza aliulaza wake juu ya karatasi, akauzungushia penseli kama mtoto wa chekechea, akapata mbili juu ya ishirini. Mbili hizo zilikuwa za kucha.

Hapo mwalimu akamwita. Ndahiro alikulia Kigoma, na Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Hata akikugombeza ulijiona umesomewa risala.

"Binti yangu, imebaki kazi moja. Sura ya mtu aliye hai, kama alivyo. Ukipata chini ya kumi, muhula ujao utakuwa kwenye ushonaji."

Jambo ambalo Akaliza hakumwambia mtu, kwa kulinda heshima yake ya utundu, ni kwamba alipenda kuchora kupita kiasi. Ndiyo maana alitania. Aliyechora mzaha hawezi kuambiwa amechora vibaya.

Mwalimu alikuwa amewafundisha kupima: unyooshe mkono na penseli, ufumbe jicho moja, uhesabu kichwa kinaingia mara ngapi mwilini. Shida ni kwamba watu hawatulii. Keza, jirani yake wa kitanda, alikaa dakika nne kisha akalalamika kwamba anakonyezwa. Verediane wa jikoni alimfukuza na mwiko. Katika bweni lote, madarasa yote na jiko, kiumbe hai mmoja tu hakutikisika kuanzia chakula cha mchana hadi chai: mzee Sebahire, mlinzi wa geti, au zamu kama walivyomwita. Tangu mwenzake wa mchana ahamie Mahoko, alilinda usiku na mchana peke yake, na mwili wake ulikuwa umejitafutia suluhisho bila kuuliza ofisi.

Akaliza alimchora siku tatu. Aligundua kwamba mdomo hauna mstari, una kivuli tu. Kwamba sikio alilolijua maisha yake yote hakuwahi kuliona. Alikichora kidevu kilivyozama kwenye kola ya koti, na vidole vilivyoiachia filimbi. Alhamisi Ndahiro alipita, akasimama.

"Hii ni kumi na nane," akasema. "Kesho inatundikwa ukumbini. Bi Mukarugwiza atakuja kuangalia."

Bi Mukarugwiza alikuwa mkuu wa nidhamu. Aliwahi kumwachisha kazi mtu wa bustani kwa kosa la kuegemea reki.

"Yampaye inka!" Keza alimaka kwa lugha ya kwao alipoiona picha. "We Akaliza, unamuonyesha Bi Mukarugwiza zamu amelala? Kesho muzee anafukuzwa!"

"Si nimeambiwa nichore mtu kama alivyo?"

"Bon. Na Jumamosi tutapita wapi kwenda kula chapati Mbugangari? Atawekwa zamu mwenye macho!"

Kusema kweli, hoja hii ya chapati ndiyo iliyomgusa kwanza. Ile nyingine ilimfikia jioni, alipomwona mzee akila maharage amesimama, asije akasinzia juu ya sahani.

Akachukua ufutio, akamfungua macho. Lakini macho ya Sebahire hakuwahi kuyaona. Alichora yale anayoyajua kila mtu: majani mawili na kitone katikati.

Ijumaa Bi Mukarugwiza alisimama mbele ya picha, mikono nyuma.

"Mnaona? Sebahire hata akichorwa anakesha."

Akaendelea. Ndahiro alisubiri viatu vyake vifike mbali.

"Mwili mzima umelala, Akaliza. Macho peke yake ndiyo yaliyo macho." Akaandika pembeni. "Mwili, kumi na nane. Macho, sifuri. Wastani, tisa."

"Mwalimu, wangemfukuza!"

"Najua. Kusema itundikwe bila kufikiri lilikuwa kosa langu. Sifuri si ya kumficha mzee. Ni ya kuchora macho usiyoyaona. Itungue picha, nenda ukayaone. Una hadi kesho jioni."

Jumamosi Akaliza alimwamsha Sebahire na kumweleza yote, mpaka ya chapati. Mzee aliiokota filimbi yake.

"Sasa unataka macho yangu saa ngapi, mutoto yangu?"

"Mchana wote, muzee."

Sebahire akashusha pumzi kama mtu aliyeombwa shamba. Akanawa uso kwa maji ya kidumu, akaketi, akayafungua.

Keza na wenzake walikuja na viatu mkononi, wakamkuta zamu anawatazama, wakarudi wakisema maneno yasiyofaa kuandikwa. Mara mbili kope zilianza kushuka. Mara mbili Akaliza alikohoa. Alifumba jicho moja apime, akasahau kupima. Kope ya kushoto ilikuwa nzito kuliko ya kulia. Chini ya kila jicho ngozi ilijikunja mikunjo mitatu, na weupe wenyewe haukuwa mweupe. Na macho hayakumtazama yeye. Yalitazama mbele kidogo ya miguu, mahali ambapo mtu angeweza kujilaza.

Jioni Ndahiro alikuja, akaangalia karatasi, akamwangalia mzee, akarudia mara tatu.

"Macho, kumi. Jicho la kushoto umelikimbia. Wastani, kumi na nne." Akaenda zake.

Akaliza aliandika jina lake chini ya picha, safari hii bila mzaha. Sebahire alinyoosha mkono apewe picha. Aliishika mbali na uso, kisha karibu.

"Huyu mutu ni mi?"

"Ni wewe, muzee."

"Amechoka sana huyu," akasema, akamrudishia karatasi taratibu. "Mumuache alale."