Kilomita za Aibu

Mwalimu Octavian alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila alfajiri kule Chimwaga kabla hawajaanza kupanda vilima. "Kilomita kumi za kwanza ni za aibu. Akupite mzee, akupite mama mwenye kitambi, akupite aliyeazima viatu. Wewe vumilia. Hakuna aliyewahi kuishinda marathoni mwanzoni, ila wengi wameipoteza hapo hapo."

Obedi Matonya aliitikia, "Ndiyo, mwalimu." Kuitikia alikuwa hodari. Kuanza ndiyo usiseme, Dodoma nzima hakuna anayeanza vizuri kama Obedi. Alianza chuo cha ualimu akaacha. Alianza nyumba, ikafika kwenye lenta, sasa mbuzi wa majirani wanajikinga jua humo. Mara mbili alianza marathoni, na mara zote mbili alirudishwa mjini ndani ya gari la wagonjwa akiwa amejifunika shuka gubigubi. Watu walimcheka, naye alicheka nao.

Lakini lipo moja ambalo hakuna aliyelicheka. Mwaka uliopita mtoto wao wa pekee, Joel, alilazwa na homa ya uti wa mgongo. Penina, mkewe Obedi, alikaa upande mmoja wa kitanda, na mama yake Penina upande wa pili. Obedi alikaa miguuni pa mtoto mpaka pumzi zilipoanza kukatika. Hapo akasema anatoka kidogo kununua maji. Akatoka getini, akatembea, akazidi kutembea. Aliporudi jua lilikuwa limeshazama, na kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Penina hakupiga kelele. Matanga yalipokwisha alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, Nzuguni. Obedi alipomfuata kuomba radhi, alijibiwa mlangoni.

"Sina hasira na wewe, baba Joel. Ila siwezi kuzeeka na mtu anayeishia njiani. Nasikia umejiandikisha tena hizo mbio zako. Basi zimalize, hata kwa kutambaa. Ukizimaliza, tutakaa tuzungumze. Ukiishia njiani, watume wazee wako waje tuachane kwa heri."

"Utajuaje kama nimemaliza?"

"Nitajua."

Basi Obedi akajifua kama mtu anayedaiwa roho. Alikimbia kwenye upepo unaojaza mchanga mdomoni, alitapika, alilala na misuli inayoruka yenyewe kitandani. Kilichomtesa zaidi ni kujifunza kwenda polepole, maana mtu anayekimbia polepole ana nafasi ya kufikiri, na yeye alikuwa na jambo moja tu la kufikiri.

Siku ya mbio kulikuwa na baridi kali ya Julai. Njia ilikuwa nyepesi kueleza: kutoka uwanjani mjini, kuelekea mashariki kupita Nzuguni, kwenda mbele sana, kugeuka na kurudi kwa barabara ile ile. Obedi alianza nyuma. Mzee akampita. Mama mwenye kitambi akampita. Akapitwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akijipiga picha huku anakimbia, na kijana akamtupia neno, "Kaza, mzee, watafunga njia!" Obedi akavumilia. Kilomita za aibu zilikuwa zinakaribia kwisha, miguu imepata moto, pumzi imetulia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya wodini alihisi kitu kinachofanana na matumaini.

Hapo ndipo alipomwona mama mkwe.

Alikuwa amesimama kando ya lami pale Nzuguni, kanga mbili, kilemba chake kile kile, ameshika chupa. Sasa, wewe usiye Mgogo unaweza kuuliza, kuna nini hapo? Kuna mengi. Mkwe humtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe mkwilima, mume wa bintiye, unaingia kichakani mpaka apite. Hivyo ndivyo Obedi alivyolelewa, na kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwonyesha mama yule hata magoti yake. Na leo anamjia na kikaptula cha mbio kilichopasuliwa hadi pajani. Tena si mkwe tu. Ni yule aliyebaki kitandani siku yeye alipotoka kununua maji.

Kuingia kichakani hakuwezi, ukiacha njia unafutwa. Mbele yake kulikuwa na kundi kubwa la wenye kasi. Obedi akaona pa kujificha. Akachomoka kama swala, akalifikia kundi, akapenya katikati yao na kuinamisha kichwa. Akampita mama mkwe hivyo, amefunikwa na mabega ya watu.

Kama angerudi nyuma mara moja, labda ingesameheka. Lakini hofu haina breki. Kila alipotaka kupunguza, alihisi macho ya yule mama mgongoni, akabaki na kundi lisilo la kwake. Yote aliyofundishwa Chimwaga aliyatupa pale kwa ajili ya mapaja yake.

Walipogeuka kurudi mjini, jua likapanda na mwili ukadai haki yake. Kwanza vidole vya miguu vilikufa ganzi. Kisha misuli ya nyuma ikakaza ikawa mawe. Kundi likamwacha. Mzee yule akampita tena, akimpa pole, na pole ile ilimchoma. Akaanza kutembea, kisha kuchechemea, kisha akasimama akishika magoti na kulia kwa sauti, mtu mzima, mchana kweupe. "Joel," alisema. "Joel, baba, nisamehe." Alikuwa amerudi Nzuguni na hakuwa hata ameona.

Gari la wagonjwa likaja taratibu likasimama ubavuni mwake. Mlango ukafunguliwa. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Panda, kaka. Umejitahidi."

Obedi akashika mlango.

"Obedi!"

Mama mkwe hamwiti mkwe wake kwa jina. Halijapata kutokea. Obedi aligeuka, na yule mama, upande wa pili wa barabara, alikuwa anafungua kanga yake ya juu. Akavuka, akaiweka juu ya lami pamoja na chupa ya maji, akampa mgongo.

"Jisitiri. Halafu twende."

"Mama, shikamoo..."

"Marahaba. Funga kanga."

Aliifunga kiunoni. Akanywa maji. Dereva akatazama tu.

"Mama, siwezi."

"Hata siku ile hukuweza," alisema yule mama, bado amempa mgongo. "Unadhani mimi niliweza? Penina aliweza? Hakuna aliyeweza, mwanangu. Tulikaa tu."

Obedi akaufunga mlango wa gari.

"Mwenzio amenituma nikuangalie," mama akaongeza. "Asubuhi unanipita umejificha kama mwizi wa kuku, na mimi nimekushikia maji. Haya, tembea."

Akatembea. Mama alifuata ukingo wa pili wa barabara, nyuma kidogo, kama heshima inavyotaka, viatu mkononi. Obedi alipoanguka hakumwinua, maana hawezi kumgusa, alisimama tu akangoja mpaka ainuke. Alianguka mara nyingi. Wenye pikipiki walipiga honi wakicheka mwanamume anayechechemea na kanga kiunoni. Aibu ile ilimwingia yote, na hakuikimbia.

Walipofika uwanjani, mbio zilikuwa zimekwisha. Turubai zilikuwa zinakunjwa, mageti ya rangi yameshabomolewa, muziki umezimwa. Hapakuwa na medali wala mtu wa kumpigia makofi. Mfagiaji mmoja aliulizwa mstari ulikuwa wapi, akaonyesha kwa ufagio mahali penye chokaa iliyofutika nusu.

Obedi akavuka chokaa ile, akabaki amesimama.

Mama mkwe alitoa simu kwenye kifundo cha kanga iliyobaki, akapiga, akageukia upande mwingine.

"Penina. Kafika." Akasikiliza. "Ndiyo, nimeona kwa macho yangu. Kachelewa, lakini kafika."

Obedi alisikia kilio chembamba ndani ya simu, kisha sauti ya mkewe.

"Mama, mwambie nakuja. Mwambie asiondoke."

Mama hakuhitaji kumwambia. Obedi alikuwa ameshakaa chini juu ya chokaa, kanga ameibana magotini.