Mlango wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Watoto walimwita Shangazi, na kwa kuwa watoto ndio waliotawala nyumba ile, watu wazima nao wakafuata. Hata mumewe alijisahau siku moja akamwomba, "Shangazi, nisogezee chumvi." Alikuwa na watoto saba sebuleni kwake kila siku ya kazi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Makochi aliyasukumia ukutani, magodoro madogo yakakunjwa nyuma ya pazia, na vikombe vya plastiki vilichorwa wanyama, maana hakuna kati yao aliyejua kusoma jina lake, ila kila mmoja alikuwa tayari kupigana vita akinyang'anywa twiga wake.

Huo ulikuwa mwaka wake wa nne wa kulea watoto wa watu. Ndipo akajiandikisha chuoni, masomo ya jioni, stashahada ya malezi ya watoto wadogo.

"Miaka yote hiyo unalea, sasa unakwenda kufundishwa nini?" mama mkwe wake alimuuliza.

"Nikafundishwe majina ya mambo ninayoyafanya, mama."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika goti lake bovu. Lakini tangu siku hiyo, watoto wakilala mchana, yeye ndiye aliyewatuliza wapiga hodi wote nje ya geti kwa kidole mdomoni. "Wamelala," aliwanong'oneza. "Na mkwe wangu anasoma." Ndani, Shangazi alikaa chini katikati ya magodoro, kitabu mapajani, mguu mmoja ukimbembeleza mdogo kuliko wote asizinduke. Kurasa nane kwa siku, kumi siku ya baraka.

Vipindi vilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu. Chuo kilikuwa mwendo wa dakika ishirini, kumi na tano ukitembea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Kwa hiyo mpango ulikaa sawa: saa kumi na moja wazazi wanachukua watoto wao, binti yake mwenyewe anabaki na bibi, yeye anashika begi na kuondoka. Mpango huo ulidumu mpaka alipokuja Kimbunga.

Kimbunga alikuwa msichana wa miaka mitatu, mwepesi kama panzi. Mama mkwe ndiye aliyempa jina hilo siku ya kwanza tu. Alikuwa akiletwa na baba yake, kinyozi mcheshi mwenye duka lake mtaa wa pili. Kwenye fomu, mahali pa mama, kinyozi aliandika "mwalimu" na namba ya simu, basi. Walimu wamejaa duniani, Shangazi hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

"Mama yake anatoka alfajiri," kinyozi alieleza. "Kumleta na kumchukua ni kazi yangu."

Kumleta alimleta vizuri sana. Kumchukua ndiko kulikokuwa na kizungumkuti. Saa kumi na moja wenzake wote wameondoka, Kimbunga yuko mlangoni na begi lake mgongoni, baba haonekani. Shangazi anapiga simu.

"Nipo njiani, Shangazi! Nimeshafika kwenye kona!"

Nyuma ya sauti yake, mashine ya kunyolea inanguruma.

Kumwacha na mama mkwe haikuwezekana. "Mimi na goti hili?" bibi alisema waziwazi. "Huyu akitoka mlango huo, nitamuaga kwa macho tu." Shangazi akabaki, na kinyozi alipofika aliomba radhi kwa maneno matamu kiasi kwamba Shangazi ndiye aliyeishia kumbembeleza yeye.

Huko chuoni sasa, somo la makuzi ya mtoto lilifundishwa na mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Komeo. Hawakumwita hivyo mbele yake. Ilipotimia saa kumi na moja na nusu, hakuangalia nani yupo na nani hayupo, alikwenda mlangoni akasukuma komeo, kah! Siku ya kwanza alitangaza sheria yake bila kupepesa macho: atakayefungiwa nje mara tatu atarudia somo mwaka unaofuata.

Shangazi alikuwa ameshafungiwa mara mbili. Mara ya pili alimsubiri mwalimu kwenye korido mpaka kipindi kikaisha.

"Mwalimu, nisamehe. Nina kituo cha watoto nyumbani, na kuna mzazi mmoja anachelewa kila mara kumchukua mtoto wake."

"Mwambie ukweli wake," Komeo alijibu huku akipanga karatasi. "Mzazi wa namna hiyo hakuheshimu. Anadhani wewe huna maisha. Ukiendelea kumwonea haya, utakayeumia ni wewe."

"Nimemwambia, mwalimu."

"Basi hujamwambia vya kutosha."

Shangazi alirudi nyumbani amenuna, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mwalimu alisema kweli.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya mawasilisho. Kila mwanafunzi angesimama mbele na kuzungumza dakika kumi, na Shangazi alikuwa wa tatu kwenye orodha. Mada yake ilikuwa hasira za watoto wadogo. Alikuwa amejiandaa wiki mbili, na hata wakati wa kumenya viazi alikuwa akiwahutubia viazi.

Saa kumi na moja ikafika. Watoto sita wakaondoka. Saa kumi na moja na dakika kumi akampigia kinyozi, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Akajaribu namba ya mama kwenye fomu: imezimwa.

"Nenda naye," mama mkwe akasema. "Baba yake akija nitamwelekeza huko. Na nitamwambia mengine pia."

Shangazi akawatumia wazazi wote wawili ujumbe kwamba mtoto yuko naye chuoni, akambeba Kimbunga mgongoni na kutoka mbio. Njia nzima mtoto alikuwa akimhimiza, "Kimbia, Shangazi, kimbia!" kana kwamba mchezo huo umeandaliwa kwa ajili yake.

Walifika saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu. Mlango umefungwa. Shangazi akamshusha mtoto, akaegemea ukuta, jasho likimtiririka mpaka viwikoni. Mwaka mzima tena. Kwa dakika tatu! Machozi yakamlenga, naye akajikaza, maana hakutaka mtoto amwone.

Ndani, mwalimu alikuwa akisoma orodha ya mawasilisho. Kimbunga akatega sikio.

"Mama yangu huyo," akasema.

"Hapana, mpenzi. Huyo ni mwalimu wangu."

"Mama yangu!" Akauvamia mlango kwa viganja vyote viwili. "Mama! Mama, fungua! Mimi nimekuja!"

Orodha ikakatika katikati ya jina. Kisha hatua za haraka, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, komeo likavutwa kabla ya kipindi kwisha. Mwalimu akasimama mlangoni, macho yamemtoka. Mtoto akamrukia miguuni.

"Wewe! Umefikaje hapa?" Akainua uso, akamwona Shangazi na begi lake, nywele timutimu, fulana imelowa. "Huyo mzazi uliyeniambia..."

"Ni kinyozi, mwalimu," Shangazi akasema polepole. "Ana duka mtaa wa pili."

Mtu fulani nyuma ya darasa akakohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko, akashindwa, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alitazama sakafu. Mabega yakaanza kumtikisika, na wote wakajua kwamba naye anacheka.

"Ingia," akasema. "Wewe ni wa tatu kuzungumza."

Zamu yake ilipofika, Kimbunga alikuwa ameshapata chaki ya mwalimu na kuanza kupaka viti. Mama yake akamnyang'anya. Mtoto akajitupa chini, akapiga ukelele uliopenya mpaka mifupani. Mwalimu akamwahidi pipi, akamtishia, akamwomba. Hakuna kilichosaidia.

Shangazi aliweka karatasi zake chini. Akaenda akakaa sakafuni, karibu na mtoto lakini bila kumgusa. "Umekasirika," akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unachora, na chaki imechukuliwa." Akangoja. Ukelele ukapungua ukawa kilio, kilio kikawa kwikwi, na mwishowe Kimbunga mwenyewe akasogea akampanda mapajani. Shangazi akatoa mada yake yote hapo chini, akimpapasa mtoto mgongo, bila kuangalia karatasi hata mara moja.

Alipokuwa anamalizia, kinyozi akatokea mlangoni akihema, taulo la mteja bado liko begani.

"Shangazi, nisamehe sana, nilikuwa nimeshafika kwenye..." Akamwona mkewe. Sentensi haikufika mwisho.

"Kwenye kona," mkewe akammalizia. "Keti nyuma. Tutazungumza nyumbani."

Kinyozi akaketi kama mwanafunzi mgeni, taulo mapajani, akasikiliza mawasilisho mengine manne.

Baada ya kipindi mwalimu alimzuia Shangazi mlangoni. "Nimekuwa nikimfungia nje mtu anayenilelea mtoto," akasema. "Sikujua, lakini wala sikuuliza. Zile mara mbili nimezifuta."

"Asante, mwalimu."

"Na ile ya kukaa chini bila kumgusa. Uliipata katika kitabu gani?"

"Sikuipata kitabuni. Nilidhani wewe ndiye utakayeniambia jina lake."

Mwalimu akafikiri, akakiri kwamba itabidi atafute.

Sheria ya mlango haikubadilika, na mwezi uliofuata wanafunzi wawili walifungiwa nje wakarudi nyumbani mapema. Ila Jumanne na Alhamisi sasa kinyozi hufika saa kumi na dakika hamsini, kabla ya wazazi wote, na mama mkwe humpa kiti nje asubiri. Shangazi alifaulu somo lile kwa alama za juu. Siku matokeo yalipotoka aliyasoma wakati watoto wamelala, akitamani kupiga vigelegele. Akakiuma kiganja chake badala yake, kwa sababu mdogo kuliko wote ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho.