Kerezo la Bwana Miwani

Watu wa Akeri walishangaa waliposikia kwamba Sumari anataka mashine mpya. Walimjua. Koti lake likitoboka viwiko, alikata mikono akalivaa kama kizibao. Jembe lake likilika, alilipeleka kwa mhunzi liungwe kipande. Lakini katika jambo hili la kerezo, mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, yeye mwenyekiti wa kamati ya maji alishika neno moja tangu mkutano wa kwanza: tununue mpya, ile ya zamani tuachane nayo. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba kitu kilichopita mikononi mwa watu kina mambo yake.

Haja ya mashine ilijulikana na kila mtu. Chemchemi ilikuwa juu msituni, na wanawake wa kata ya chini walipanda na kushuka na vyungu kila siku ya Mungu. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, jeshi liliacha rundo la mabomba ya chuma karibu na barabara ya Moshi, na wakulima wakaruhusiwa kuyachukua. Yalikuwa mazima, ila ncha zake zilikuwa laini, hazikukatwa uzi, yaani mifereji ya kuskurubia, na bomba lisilo na uzi huwezi kuliunga na jingine. Kahawa ilipoanza kupata bei nzuri, watu wakakubaliana wanunue kerezo, wakate uzi wenyewe na kuchonga viungio wenyewe. Fundi walikuwa naye: Aminieli, aliyefundishwa kazi hiyo na jeshi huko Nairobi.

Mashine zilizopatikana zilikuwa mbili. Ile mpya ilikuwa dukani Arusha mjini, ya kijani, bado ina grisi ya kiwandani. Aminieli aliizunguka na kuigusagusa, akasema ni nzuri, lakini miguu yake ni myepesi na tundu lake la kupitishia bomba ni jembamba. Mabomba makubwa itayakataa. Ya pili ilikuwa Usa River, katika karakana ya shamba la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Alikuwa anauza kila kitu arudi kwao. Ile ilikuwa imetumika miaka mingi, ila ilikuwa nzito, na ilikuwa inauzwa pamoja na zana zake zote.

Penina aliitaka hiyo ya Usa River. Katika kamati alikuwa mwanamke peke yake. Wanawake walimchagua wakisema haiwezekani maji yajadiliwe na watu wasioyabeba. Mbele ya wenzake alisema kwamba wakinunua ya zamani watabakiwa na kitu cha kununulia simenti ya tangi. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Marehemu mumewe Thomasi, mdogo wake Sumari, alikuwa fundi katika karakana ile ile. Akija nyumbani Jumapili aliisifu mashine yake kama mtu anavyomsifu ng'ombe wake wa maziwa, jinsi inavyotulia, jinsi inavyolamba chuma bila kukikwaruza. Kisha akapatwa na homa huko huko kazini, homa mbaya ya kuambukiza, akarudishwa katika sanduku lililopigwa misumari. Penina hakuwahi kufika mahali pale. Alitaka aione hiyo mashine, aiguse, na kama ingewezekana aje nayo Akeri.

Asubuhi ya kwenda kuikagua, Sumari alipita kwake mapema akamshauri abaki. Alisema njia ina matope, na mambo ya chuma yatamchosha bure. Penina akamjibu kwa upole kwamba matope anayajua. Wakapanda lori la kahawa pamoja, Sumari, Aminieli na yeye, wakashuka Usa River. Walipofika, Sumari hakuingia karakanani. Alisimama nje akitazama matairi ya trekta bovu, kana kwamba matairi ndiyo waliyoyafuata.

Aliyewapokea ni fundi wa shamba, Lerionka, Mwarusha wa upande wa machweo ya mlima, mtu mrefu mwenye masikio yaliyotogwa na ovaroli safi. Penina hakujitambulisha. Aliona haya kuanza na habari za marehemu kabla ya kazi iliyowaleta. Alijiambia atauliza baadaye. Lerionka akawasha injini, akasogeza mkanda, na kerezo likaanza kuzunguka. Halikupiga kelele. Lilivuma tu, sauti moja iliyonyooka, na Aminieli akacheka peke yake kwa furaha. Akafunga kipande cha bomba, akakikata uzi, akampa Penina akishike. Kilikuwa bado cha moto. Penina akaweka kiganja chake juu ya chuma cha mashine, mahali palipochakaa na kung'aa kwa kushikwa na mikono ya watu, akasikia mtetemo wake ukimpanda hadi begani.

Aminieli akauliza, kama ilivyo desturi ya mnunuzi, kama mashine ina ubovu wowote ambao hawajauona. Lerionka akazima injini, akangoja mkanda usimame.

"Ubovu haina," alisema. "Lakini imewahi kuua mtu, na ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisikia njiani."

Akaeleza bila kupamba. Bomba refu likifungwa kwenye kerezo, mkia wake hutokeza nyuma ya mashine, na lazima mkia huo ulazwe juu ya stendi ya chuma. Bila stendi bomba huanza kucheza, halafu hupinda ghafla, likachapa kama mjeledi. Siku hiyo stendi ilikuwa imechukuliwa kuinulia gari la bwana. Fundi alikataa kuwasha. Bwana akamwambia mabomba yanatakiwa kisimani leo hii, awashe.

"Akawasha," Lerionka alisema. "Likampiga hapa." Akagusa nyuma ya sikio lake. "Alikuwa Mmeru, anaitwa Thomasi."

Penina alisikia jina hilo na halikumwingia. Alichowaza ni kwamba kumbe walikuwa wawili. Kumbe shambani hapa kulikuwa na fundi mwingine, naye pia Thomasi, na mumewe hakuwahi kumtaja. Alimhurumia huyo mwingine. Hata alifungua kinywa aulize alikuwa mtu wa wapi.

"Mkewe alikuwa mjamzito," Lerionka aliendelea, akifuta mikono kwa kitambaa. "Kutwa kutuambia mtoto akiwa wa kike atampa jina la mama yake, Tabea."

Aminieli alikuwa ameshaelewa. Akanyoosha mkono, akamshika Penina kiwiko.

"Mama Tabea," alisema polepole.

Lerionka alilisikia jina hilo. Kitambaa kikamdondoka. Alimtazama Penina, kisha Aminieli, kisha tena Penina. Penina hakumwangalia. Aliondoa kiganja chake kwenye mashine taratibu, kama mtu anayetoa mkono karibu na nyoka aliyelala, akakitazama. Kilikuwa na oili. Alijifuta kwenye kanga yake, akajifuta tena, akatoka nje.

Sumari alikuwa pale pale penye matairi.

"Thomasi aliuawa na nini?" Penina alimwuliza.

Shemeji yake alitazama mlango wa karakana, halafu akatazama chini. "Bomba," alisema.

Akaanza kujieleza, maneno yakimtoka vipande vipande. Mimba ilikuwa kubwa wakati ule, na mama yao aliogopa kwamba habari ya kichwa kilichovunjwa ingemwua yeye na mtoto. Bwana Miwani naye alitaka isemwe homa, asije mtu kuuliza maswali. Kwa hiyo sanduku likapigwa misumari. Walisema akijifungua wataambiana. Akajifungua, wakasema mtoto aache ziwa kwanza. Baada ya hapo jambo likawa zito, kila mmoja akimngoja mwenzake alibebe.

Penina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili ya mwisho aliniambia kichwa kinamuuma," alisema. "Alitaka kulala siku moja zaidi. Mimi nikamwambia kazi haimngoji mtu. Miaka yote hii, shemeji, nimekaa nikijua kwamba nilimtuma mgonjwa kazini akafe kwa homa. Kila mara mtoto akichemka mwili nilisema Mungu ananilipa. Ninyi mlikuwa mnaniona."

Sumari hakuwa amelijua hilo. Alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akakaa chini kwenye tope na koti lake lisilo na mikono, mwenyekiti mzima wa kamati.

Ndipo Bwana Miwani alipotoka nyumbani kwake akashuka ngazi za baraza. Alikuwa amezeeka, kofia mkononi, na nyuma yake wapagazi walikuwa wakitoa makabati. Akauliza kama wameafikiana juu ya mashine. Penina akamsogelea mpaka akaona sura yake mwenyewe ndogo katika vioo vya miwani.

"Mimi ni mke wa Thomasi," alimwambia.

Mzungu akafikiri. Alifikiri kwa dhati, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Thomasi gani?" akauliza.

Penina aliishiwa nguvu pale. Habari ya bomba alikuwa ameipokea akiwa wima, hili hakuliweza. Aminieli, aliyekuwa amemfuata nje, alimdaka asianguke. Penina alikuwa amedhani, katika muda ule mfupi tangu atoke karakanani, kwamba mtu huyu ameibeba siri hiyo kama wao walivyoibeba, kwamba usiku humrudia. Kumbe hakubeba kitu.

Sumari alisimama kutoka kwenye tope. Sauti yake ilikuwa nzito lakini haikukatika. "Yule aliyeuawa na bomba humo ndani," alisema. "Uliyetuambia tuseme amekufa kwa homa."

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa. Alisema ile ilikuwa ajali mbaya sana. Kisha akasema kesho anakuja mtu wa Moshi kuitazama mashine, basi wakiitaka wamwambie leo. Waliondoka kwa miguu, wakapanda mlima katikati ya migomba, Penina mbele, wanaume wawili nyuma yake kwa mbali.

Nyumbani alianza msiba upya. Alilia kama mtu aliyefiwa siku hiyo, na majirani waliokuja mbio wakadhani amefiwa kweli, wakauliza ni nani. Aliwajibu kwamba ni Thomasi. Wakatazamana. Mama mkwe, bibi Tabea, aliletwa akitembelea fimbo, na aliposikia kwamba jambo limefichuka, alikaa kando ya mkwewe akalia naye bila kujitetea. Hiyo ilimsaidia Penina kuliko maneno yote ya Sumari.

Kamati ilipoitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa, Sumari alisimama akasema yote mbele ya watu. Kina mama walishika vinywa. Mzee mmoja akasema mashine iliyokunywa damu haiwezi kuletea watu maji. Aminieli akampinga kwa adabu: chuma hakina nia, kosa lilikuwa la aliyeondoa stendi, na kwa kazi yao ile ya Usa River ni bora mara mbili. Watu wakagawanyika, kisha macho yote yakamgeukia Penina. Wengi walitegemea atasema amesamehe, mashine inunuliwe.

"Aminieli amesema kweli," alisema. "Mashine haina kosa, nami siiogopi. Lakini sitaki kuisikia ikivuma kila asubuhi nikiwa shambani. Nunueni ile ndogo. Mabomba makubwa tutayaacha. Na kabla haijafika, stendi yake ijengwe kwanza, miguu yake izikwe kwenye simenti, asiwepo mtu wa kuiazima."

Ikawa hivyo. Kerezo la kijani lilipandishwa Akeri kwa lori, na kazi ikaenda polepole kuliko walivyotaka, kwa kuwa mabomba yaliyofaa yalikuwa machache. Maji yalifika kanisani tu. Kata ya chini iliendelea kungoja. Wapo walionung'unika kwamba kamati ilinunua machozi ya mtu mmoja. Penina aliwasikia, na alikuwa mmoja wa waliozidi kupanda na chungu. Kwa Sumari alijibu salamu, basi. Ilichukua mvua kadhaa kabla ya kumkaribisha tena chai.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa Tabea. Penina alimweleza binti yake wakiwa wawili, wakichambua kahawa, akimwambia bila kupunguza. Msichana aliacha mikono yake juu ya kahawa. Hakulia. Aliuliza swali moja, ambalo mama yake hakuwa amelifikiria hata mara moja katika mshtuko wake wote.

"Alikuwa peke yake?"

Penina hakujua. Siku ya soko la Usa River wakashuka pamoja. Shamba lilikuwa limeshapata mmiliki mwingine, na kerezo lilikuwa limekwenda Moshi, lakini Lerionka alikuwepo, anatengeneza pampu uani. Alipowaona aliweka spana chini. Alimtazama msichana muda mrefu, akamwambia amechukua paji la uso la baba yake. Akaleta kiti kimoja na ndoo moja iliyofudikizwa, akawakalisha, naye akachuchumaa mbele yao.

"Hakuwa peke yake," alisema. "Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nitawaambia alichosema."