Mikono ya Mwalimu Novatus

Milembe alikuwa akimmwagia mume wake maji ya kunawa, Jumapili mchana, alipoona kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo. Wiki ile Novatus alikuwa ameanza kupiga kinanda kigangoni Kasoli.

"Kimebaki kanisani," alisema Novatus. "Kuna noti ya besi kinaishikilia."

Milembe akaweka jagi chini, wakala ugali na mlenda.

Baadaye Novatus aliitwa parokiani Bariadi, na mkono wote wa kushoto ukabaki huko. Alipopewa na ualimu wa kwaya, wa kulia nao haukurudi. Alikuwa akirudi kwa bodaboda, mikono ya shati ikipepea kuanzia viwiko, na Milembe akimlisha tonge kwa tonge huku akisikiliza habari za sauti ya tatu. Padre alitangaza tu kwamba kinanda kisifunikwe kitambaa kizito, mikono ipate hewa.

Milembe alipalilia pamba peke yake na kuvuna peke yake. Hilo alilizoea. Ambacho hakukizoea ni kucha. Siku moja alipita kanisani wakati wa mazoezi, akaikuta mikono imekatwa kucha vizuri na kupakwa mafuta. Tangu amwoe, Novatus hakuwahi kukubali mkewe amkate kucha. Alizing'ata.

Aliuliza nani amezikata.

"Mimi," alisema Jenifer, binti wa sauti ya kwanza. "Usijali, mayu, mama yangu. Huku haikosi kitu."

Pamba ilipopasuka, Milembe aliifuata mikono, akaibeba kwenye kapu hadi shambani. Haikuchuma hata tumba moja. Basi akaketi kwenye tuta, akauweka ule wa kulia begani kwake, pale ulipokuwa unakaa zamani wakitoka mnadani. Mkono ulitulia kidogo. Kisha vidole vikaanza kumgonga begani, polepole, utangulizi wa wimbo wa matoleo.

Alasiri wanakwaya walikuja kuichukua, kwa sababu kulikuwa na mazoezi. Milembe akawapa na kapu.

Jioni alimweleza mume wake.

"Usiilaumu, Mama Salu," alisema Novatus. "Imeshazoea watu."

"Mimi si mtu?"

Novatus alifungua kinywa, akisubiri tonge.

Novatus alipotimiza miaka ishirini ya utume wa kinanda, Padre alimshukuru mbele ya waumini kwa kumtolea Mungu mikono yote miwili. Kwaya ilimzawadia saa, na Jenifer akaifunga kwenye mkono palepale kwenye kinanda. Novatus alitabasamu kutoka benchi la mbele. Upande wa akina mama, Milembe alipiga makofi kama wengine, ingawa viganja vilimuuma, maana vilikuwa vimechanika kwa maganda ya pamba.

Wakati wa kutakiana amani watu walipanga foleni kwenye kinanda. Zamu ya Milembe ilipofika, mkono wa kulia uliushika wake kidogo, kwa adabu, ukauachia, ukampokea mzee Masalu aliyekuwa nyuma yake.

Milembe akazunguka, akapanga foleni tena.

"Mayu, wewe si umeshapata?" Jenifer alimnong'oneza.

"Nimeshapata," alisema Milembe, akasogea hatua moja mbele.