Mshale Uliosahauliwa Mezani

Usiku wa jana niliota, na ieleweke kabisa kwamba sikuwa na homa wala sikuvimbiwa. Niliota niko mezani kwangu, fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya kanda inaanza, na mshale unalalamika.

"Mwalimu Mgaya," unasema, "shingo inaniuma."

"Pole," nikaujibu. Mimi ni mtu wa adabu hata kwa vitu.

"Umeniacha natazama kushoto tangu nusu fainali."

Nikachonga kalamu.

Kwa asiyejua, mshale huo unakaa mezani kwa mtunza alama, yaani mimi. Wachezaji wawili wakiushika mpira pamoja na kung'ang'aniana, mshale ndio unaosema mpira ni wa nani. Ukishawapa hawa, unaugeuza uwaelekee wale, ili safari nyingine iwe zamu yao. Kazi yenyewe ni hiyo tu, mtoto wa chekechea angeiweza. Miaka kumi na minne nimeifanya, na watu wakitaka kuapa huapa kwa karatasi yangu.

Sasa jana mchana, nusu fainali, wasichana wa Chuo cha Uuguzi na wa Chuo cha Misitu, zimebaki sekunde tisa, mpira ukang'ang'aniwa. Mshale ulionyesha Misitu. Misitu wakapewa, wakafunga, wakashinda sitini na moja kwa sitini. Kabla mpira haujarushwa, nahodha wa Uuguzi, binti mmoja anaitwa Atupele, alinijia akainama kidogo. "Samahani, Mwalimu, zamu hii ni yetu." Nikamwambia, "Binti, kati yangu na wewe, nani anafundisha hesabu?" Watu wakacheka. Akarudi kwa wenzake. Malalamiko hupokelewa mpaka saa mbili ya asubuhi inayofuata, baada ya hapo hata malaika hasikilizwi.

Turudi ndotoni. Wachezaji wawili wameushika mpira, hakuna anayeachia, wameng'ang'ania mpaka nywele zinawaota mgongoni. Mwamuzi anapuliza. Hana kichwa, pale kinapokaa kichwa kuna filimbi tu, na hakuna anayeshangaa.

"Meza, mshale?"

"Kushoto," nasema.

"Basi kila kitu kushoto."

Lo! Watazamaji wa kulia wanainuka na viti vyao wanahamia kushoto. Masufuria ya wali wa mchana yanakwenda kushoto yenyewe, na mifuniko yake. Hata mwanga wa madirishani unahama. Kulia kunabaki giza, na ndani ya giza wamekaa Uuguzi, wameweka mikono magotini. Hawalalamiki. Atupele ananitazama tu.

Mara ukumbi ni wodi. Nyavu za magoli zinaning'inia bado juu ya vitanda. Wagonjwa wote wako kulia, na dripu zote zinatiririka kwenda kushoto, kwa Misitu, ambao ni wazima wa afya. Wanazinywa kwa mirija. Mmoja anasema zina chumvi kidogo.

Kitanda cha kwanza kulia amelala mama yangu mzazi, ambaye najua kabisa yuko Makambako anachambua maharage.

"Mama, umefikaje huku?"

"Nimelazwa upande huu, mwanangu. Zamu yangu haifiki."

Midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Hapo niliogopa. Niliogopa kweli, jamani. Nikaukimbilia mshale niugeuze. Sasa una urefu wa nguzo ya umeme. Nausukuma kwa bega, nausukuma kwa mgongo, hautikisiki.

"Ishirini na nne," inasema saa ya ukutani.

"Unahesabu nini?"

"Mimi sina ugomvi na mtu. Nahesabu tu. Ishirini na mbili."

Kitabu cha sheria kinajifunua, kinakohoa vumbi. "Mshale uliosahauliwa haugeuzwi kwa mikono. Aliyesahau atasema kwa kipaza sauti, mbele ya watu."

"Kelele zilikuwa nyingi," nasema.

"Kumi na saba. Visingizio vinakula sekunde."

"Wino uliniishia!"

"Kumi na moja."

Atupele, amevaa sare nyeupe, ameshika kifundo cha mkono wa mama. "Mwalimu, mapigo yanapungua," anasema, kwa sauti ile ile ya jana. Nilitamani anitukane.

"Gaitani," mama ananiita, "mficha uchi hazai."

"Mama, mbele ya watu wote hawa? Na heshima yangu?"

"Nne," saa inasema.

Nikakishika kipaza sauti. Tatu. Mama akafumba macho.

"Nilisahau!" nikapiga kelele. "Nilisahau kuugeuza! Zamu ilikuwa ya Uuguzi. Na huyu binti aliponijia nilikumbuka, nikaona aibu, ndiyo maana nikamfanya achekwe."

Hakuna aliyezomea. Mshale ukageuka taratibu ukilia kama mlango wa stoo. Dripu ikaanza kudondoka upande wa kulia, tone moja, tone la pili. Mama akalamba midomo. Saa ikasema, "Moja," ikanyamaza.

Nikaamka. Niko bwenini tulikofikia, jua limeshatoka, ni saa moja na nusu. Nikajiambia Mgaya, ndoto ni ndoto, mechi imekwisha, nawa uso uende ukale chai. Tena nikaona nafuu kubwa, nisiseme uongo. Nikachukua mswaki, nikatoka.

Uani Uuguzi walikuwa wanapakia mabegi kwenye gari lao, macho yamewavimba kwa kulia. Nikainamisha kichwa nipite. Pale kanda nzima hakuna ninayemwambia habari za nyumbani kwangu, hawajui hata kama nina mama.

Atupele akaweka begi chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama ameamkaje?"

Mswaki ulinidondoka. Nikatazama saa, zimebaki dakika ishirini na tano kufika saa mbili.

"Marahaba," nikasema. "Shusheni mabegi."