Ramani Nyuma ya Kiti

Kinyozi hutazama kioo kutwa nzima. Mteja yuko kitini akijitazama kiooni, naye yuko nyuma ya mteja akitazama humo humo. Kwa hiyo kinyozi wetu alipoamua kurudia mtihani wa historia, aliibandika ramani ukutani nyuma ya mgongo wake, aione kiooni bila mashine kusimama.

Mdogo wake, binti wa kidato cha nne, ndiye aliyemchorea, nyuma ya kalenda kuukuu. Hakuandika jina hata moja.

"Nikiandika majina utasoma majina, kaka. Mtihani hautakupa majina."

Ramani nyingine hakuwa nayo. Kitabu chake kilikuwa kimepita mikono mingi, na kurasa za ramani zilichanwa na waliomtangulia. Basi miezi yote ile akawa ananyoa na kusafiri. Jicho moja liko kwenye kisogo cha mtu, la pili liko baharini na wale Wareno waliotoka kwao na njaa ya pilipili manga, wakaishia kushika bandari za watu kwa mizinga. Aliwachukia kwa moyo wote, na aliwajua kama watoto wa jirani. Alijitungia hata vibeti vya kukumbukia:

*Diazi kaona rasi,*
*Gama kaipita kasi.*

"Profesa!" wateja walimwita, kicheko kikiwa mlangoni mwa midomo. "Leo Wareno wamefika wapi?"

"Wamefika nyuma ya sikio lako. Tulia nisije nikalikata."

Alicheka nao, lakini kwake mtihani haukuwa mchezo. Alikwisha kuanguka mara mbili. Chuo cha ualimu kilimwambia bila kupepesa macho kwamba umri wake unakomea mwaka huu. Akianguka tena, mlango haufunguki. Atakuwa Profesa wa vichwa vya watu mpaka azeeke.

Siku ya mtihani mwenye duka alimpa ruhusa kuanzia saa sita tu. Asubuhi alikuwa amemnyoa fundi mwashi nusu ya kichwa pale mdogo wake alipoingia na penseli mpya.

"Nichoree swali la lazima, nione. Njia ya Wareno kwenda India, vituo na ngome zao."

Kinyozi aliweka mashine chini, akachora chapuchapu juu ya meza ya poda, kifua mbele. Mwashi alinyoosha shingo aone.

Binti aliishika karatasi. Akaitazama, kisha akaitazama ile ya ukutani.

"Kaka. India iko wapi?"

"Si hiyo hapo, kushoto."

"India iko kulia, kaka. Hilo tumbo la Afrika ndilo hukaa kushoto. Dunia umeivaa ndani nje!"

Kinyozi aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aibandike, aliitazama ramani kwa macho yake, si kwa macho ya kioo. Ilikuwa kama kumkuta mtu uliyelala naye chumba kimoja miezi mingi, na humjui sura.

"Sasa hao Wareno," mwashi akauliza taratibu, "siku zote walikuwa wanakwenda wapi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu, Profesa. Nilikwisha anza kuwahurumia."

Alijaribu kuichora upya. Mkono ukakataa. Kila alipoanzia upande wa kulia, penseli ilirudi kushoto kama punda anayejua zizi lake. Alichora, akafuta, akachora, karatasi ikatoboka.

"Ungeandika majina!" akamfokea mdogo wake. "Ningeona herufi zimegeuka, ningejua!"

"Na wewe ungegeuza shingo, mara moja tu!"

Wote wawili walikuwa na haki, na haki hiyo haikumsaidia yeyote. Binti alitoka akilia. Kinyozi alimwachia mwenzake wa kiti cha pili ile nusu ya kichwa cha mwashi, akaenda zake.

Swali la lazima lilikuwa lile lile. Kwenye karatasi ya majaribio mkono wake ulichora Afrika nzuri, kamili, ya kiooni. Akaona mstari umepenya upande wa pili. Akaigeuza karatasi, akaiinua dirishani kwenye mwanga.

"Wewe! Umeingia na nini humu?" Msimamizi, mama mwenye viatu vya kishindo, alikwisha kufika.

"Ni karatasi yenu, mwalimu. Ina mhuri."

"Mbona ramani imegeuka?"

"Mimi ni kinyozi, mwalimu."

Watahiniwa wakaangua kicheko. Mama aliukagua mhuri, akairudisha. "Karatasi isiinuke tena mezani. Ikiinuka, unatoka."

Alitaka kuinuka yeye, atoke, yaishe. Alijipapasa mfukoni atafute leso, vidole vikakuta kitana. Akakishika, na wazo likamjia kama kofi. Aliipitia ramani ya kinyume kwa penseli mpaka mistari ikawa mizito kama masizi. Akailaza kifudifudi juu ya karatasi ya majibu, akaisugua kwa mgongo wa kitana. Akasugua kama mtu anayemwamsha maiti.

Alipofunua, Afrika ilikuwa pale, imefifia, tumbo kushoto. Akaanza kuipitia kwa kalamu, njia kwa njia, kituo kwa kituo. Alikuwa ameizunguka rasi na kuanza kupanda pwani ya mashariki kengele ilipolia.

"Kalamu chini!"

Ngome hazijaandikwa. India haijafikiwa. Alisali msahihishaji awe na macho makali, aione ile mistari ya penseli iliyofifia.

Dukani alimkuta mdogo wake amekaa kiti cha wateja, macho mekundu.

"India?"

"Kulia."

"Wamefika?"

Kinyozi alitazama viganja vyake vyeusi kwa masizi ya penseli. "Kengele imewakuta njiani."

Binti aliinuka kitini. Aliiendea ramani, akatoa kalamu, akaanza kuandika majina, moja baada ya jingine. Kiooni yalitokea kinyume, hata mtoto angeona.

Akasita. "Lakini ya nini sasa, kaka?"

"Andika tu," alisema kinyozi. "Andika makubwa."